SOMO LA UFUNDI: GARI LA INJEKTA LEO LAWAKA, KESHO LAGOMA
Tupime kabla ya kununua vipuri



Somo letu la leo lahusu gari la petroli lenye injekta, lililokwisha kuzeeka, ambalo siku moja huwaka mara moja na siku nyingine hugoma. Ugonjwa huu hapa Gisenyi twaujua sote. Gari limelala karibu na ziwa, asubuhi lazungushwa mpaka betri inachoka. Au limepanda vizuri kutoka mjini mpaka Mukamira, likazimwa dakika ishirini watu wapate chai, kisha halitaki tena. Likisukumwa mpaka kwa fundi lawaka kwa ufunguo mmoja, na fundi auliza: mmelileta kwa sababu gani?

Twaandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mfuko. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio unaokula fedha kuliko ugonjwa wa kudumu, maana kila anayepita hutaja kipuri chake, nasi twanunua kwa kubahatisha. Gari likiwaka siku mbili twasema limepona, siku ya tatu twarudi dukani.

Ya pili ni haki ya dereva. Tulikaa na dereva mmoja wa pikapu ya kazini aliyekatwa mshahara kwa kosa la kuharibu pampu ya petroli. Pampu ile ilipofunguliwa ilionekana nzima. Lakini dereva hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alikwisha kutoa taarifa ya ugonjwa ule wiki kadhaa kabla. Alikuwa na neno lake tu, na mkubwa wake alikuwa na neno lake. Ni lipi lililosikilizwa, mwajua wenyewe. Kwa hiyo kujua kupima gari na kuandika tulichopima ni ulinzi wa mshahara pia.

1. INJINI YAHITAJI NINI ILI IWAKE

Injini ya petroli yahitaji mambo manne: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate cheche kwa wakati wake, ipate petroli kwa kipimo chake, na ipate hewa inayogandamizwa vizuri ndani ya silinda. Likikosekana moja, haiwaki. Basi kazi yetu ni kuuliza: ni lipi lililokosekana saa ile ya kugoma?

Katika magari ya kabureta, petroli ilivutwa na hewa. Katika gari la injekta, pampu ya umeme hutoa petroli tangini na kuisukuma kwa presha mpaka kwenye bomba la injekta. Kompyuta ya injini husoma habari kutoka kwenye sensa zake, kisha hufungua kila injekta kwa muda mfupi sana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wa namna hii, unaoongozwa na umeme, mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen. Kufika miaka ya 1990 magari mengi madogo ya petroli, kama Toyota Corolla tunazoziona barabarani, yalikuwa yameacha kabureta.

Kutokana na tofauti hiyo, tuache tabia moja ya zamani. Kukanyaga-kanyaga pedeli ya mafuta kabla ya kuwasha kulisaidia kabureta. Katika gari la injekta hakuongezi hata tone la petroli wakati injini imesimama.

2. USALAMA KWANZA

Petroli ya injekta iko chini ya presha. Usilegeze bomba lake injini ikiwa ya moto, wala mtu asivute sigara karibu. Weka mchanga au kizimamoto mahali pa kufikia mkono. Usiache injini iungurume ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Umeme wa waya za plagi ni wa maelfu mengi ya volti: usishike waya kwa mkono mtupu, wala usiuchomoe injini ikiwa inaunguruma, kwani waweza kujiumiza na kuunguza mtambo wa cheche. Mwenye shaka amwachie fundi. Kuuliza si ujinga.

3. DAFTARI LA GARI

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ugonjwa huu daftari ni chombo cha kwanza, kabla ya spana. Kila gari linapogoma, dereva aandike mambo haya:

(a) Tarehe na saa.
(b) Injini ilikuwa baridi, vuguvugu au ya moto. Ilikuwa imezimwa kwa dakika ngapi au saa ngapi.
(c) Mvua, ukungu au jua.
(d) Petroli tangini ilikuwa kiasi gani, na kama ilitoka kujazwa.
(e) Starta ilizungusha kwa kasi, kwa uvivu, au ilitoa mlio wa "tik" tu.
(f) Kulikuwa na harufu ya petroli au moshi, na wa rangi gani.
(g) Nini kilichosaidia mpaka likawaka.

Siku ambazo limewaka vizuri nazo ziandikwe kwa alama moja tu. Baada ya wiki mbili utaratibu wa ugonjwa huanza kuonekana. Kama gari ni la kazini, dereva ampe mkuu wake nakala na amwombe atie sahihi na tarehe. Sahihi hiyo haimgharimu mtu kitu, ila siku ya lawama ina uzito.

4. SWALI LA KWANZA: JE, STARTA YAZUNGUSHA?

Watu wengi husema tu "gari haliwaki". Neno hilo lachanganya magonjwa mawili. Kama starta, ambayo mafundi wetu huiita demareri, haizungushi au yazungusha kwa uvivu, usiguse pampu wala injekta. Tafuta kwenye betri, nyaya zake na starta yenyewe.

Betri nzima ya volti 12, iliyopumzika usiku, huonyesha kama volti 12.6. Starta ikizungusha, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiunguruma, alteneta ipandishe mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Mita ndogo ya umeme yatosha kwa vipimo hivi vyote, na kikundi chaweza kununua moja kwa matumizi ya wote.

Waya unaosahauliwa ni wa masi, yaani ule unaounganisha ncha hasi ya betri na injini na bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini kilicho safi, kisha mwenzako azungushe starta. Mita isizidi nusu ya volti. Ikiwa chini ya 0.3 ni vizuri zaidi. Ikizidi, waya umeoza au umelegea. Kuusafisha kwa msasa na kuukaza ni kazi ya robo saa. Masi mbovu huivunja nguvu starta, na huinyima kompyuta umeme ulio sawa; ndiyo maana gari laweza kugoma leo na kuwaka kesho bila kuguswa.

5. SWALI LA PILI: CHECHE AU PETROLI?

Starta yazungusha kwa kasi, lakini injini haiwaki. Hapa lazima tupime wakati ugonjwa upo. Kupima gari lililokwisha kuwaka ni sawa na kumpima homa mtu aliyekwisha kupona.

Baada ya kuzungusha sekunde kumi hivi bila kuwaka, fungua plagi moja, ambayo hapa kwetu huitwa buji, na uitazame. Kama ni kavu kabisa, petroli haifiki: tafuta pampu, fyuzi, relei, chujio, au kompyuta isiyofungua injekta. Kama imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika: basi ama cheche haipo, ama petroli ni nyingi mno na imezamisha plagi.

Kupima cheche, kwanza chomoa fyuzi ya pampu ya petroli au soketi za injekta, ili mvuke wa petroli usitoke kwenye tundu la plagi ukashika moto. Kisha vaa plagi kwenye waya wake, ilaze chuma chake kikigusana vizuri na chuma cha injini, mbali na tundu lile, na mwenzako azungushe kwa kifupi. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche ya njano iliyo hafifu, au kutokuwapo cheche, kwatupeleka kwenye koili, distribyuta ambayo wengine huiita delko, na nyaya.

Kusikia pampu nako ni kipimo. Katika magari mengi, ufunguo ukifunguliwa bila kuzungusha starta, pampu hulia sekunde mbili au tatu kisha hunyamaza. Lakini tuwe waangalifu: katika Toyota nyingi za miaka ile pampu hailii mpaka injini izungushwe. Basi kimya cha pampu peke yake kisitufanye tununue pampu.

6. SAA YA UGONJWA YATAJA UGONJWA

Sasa tufungue daftari letu tuone gari lagoma lini.

Asubuhi, injini baridi. Presha ya petroli yapaswa kubaki ndani ya bomba hata gari likizimwa. Kuna vali ndogo kwenye pampu inayozuia petroli isirudi tangini. Vali ikichoka, usiku petroli hurudi, na asubuhi lazima pampu ianze kujaza bomba tupu. Jaribu hivi: fungua ufunguo sekunde tatu, funga, rudia mara tatu, kisha washa. Likiwaka mara moja, presha ndiyo inayopotea. Kwa Toyota ambazo pampu yake haianzi bila starta, fundi aweza kuiendesha pampu kwa kuunganisha matundu ya Fp na +B katika kisanduku cha vipimo kilicho chini ya boneti, ufunguo ukiwa wazi.

Mshitakiwa wa pili wa asubuhi ni sensa ya joto la maji. Kompyuta huitegemea ili ijue iongeze petroli kiasi gani. Sensa hii ni tofauti na ile ya mshale wa joto kwenye dashibodi. Ya kompyuta kwa kawaida ina nyaya mbili. Katika magari mengi hupima kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni ya moto wakati ni baridi, petroli itakuwa pungufu. Ikidanganya kwamba ni baridi wakati ni ya moto, petroli itakuwa nyingi mno.

Injini ya moto, imezimwa dakika kumi na tano hadi arobaini. Injini ikizimwa, maji na hewa vyaacha kuipoza, na joto lapanda mpaka kwenye bomba la petroli. Sisi watu wa milimani tulitazame hili kwa makini. Gisenyi iko karibu mita 1,480 juu ya bahari, na njia ya Musanze hupita mahali penye zaidi ya mita 2,000. Hewa huku ni nyepesi. Hata maji ya sufuriani Gisenyi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Petroli nayo hugeuka mvuke upesi zaidi. Presha ndani ya bomba ndiyo inayoizuia. Kwa hiyo vali ile ile ya pampu inayosumbua asubuhi yaweza kusumbua pia baada ya mlima: presha imepotea, petroli imekuwa mvuke, na injekta zapuliza mvuke mahali pa petroli.

Kinyume chake ni injini kuzama. Injekta inayovuja hudondosha petroli ndani baada ya kuzimwa. Dalili zake ni harufu ya petroli na moshi mweusi gari linapowaka. Jaribu kukanyaga pedeli mpaka chini, uishikilie hapo huku ukizungusha starta: katika magari mengi ya injekta kompyuta hupunguza au hukata petroli, na hewa hukausha silinda. Likiwaka kwa njia hiyo, lilikuwa limezama. Chomoa pia mpira mwembamba wa hewa ulio kwenye kidhibiti cha presha ya petroli. Ukikuta petroli ndani yake, utando wa kidhibiti umepasuka, kibadilishwe.

Kama plagi zimelowa na cheche hakuna, na injini ikipoa cheche yarudi, basi shaka iko kwenye koili, mtambo wa cheche au sensa ya mzunguko. Vifaa hivi vikichoka hufa vikipata joto na kufufuka vikipoa.

Siku za mvua na ukungu. Tunazo nyingi, hasa Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba. Unyevu hupita kwenye nyufa za kofia ya distribyuta na kwenye nyaya za plagi zilizokauka. Fungua boneti usiku gizani injini ikiunguruma, usiguse kitu, tazama tu: vimulimuli vya buluu juu ya nyaya vyaonyesha pale umeme unapotoroka.

Bila utaratibu wowote. Hapa twashuku viungo vya umeme: relei kuu yenye risasi iliyopasuka, soketi yenye kutu, swichi ya ufunguo iliyolika, masi. Tikisa waya mmoja mmoja huku mwenzako akijaribu kuwasha. Tusisahau petroli yenyewe. Tangi linalokaa karibu tupu hupata maji kwa umande wa ndani, na petroli ya madumu huja na uchafu. Chukua kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie: maji hukaa chini.

7. TAA YA INJINI NA KIPIMO CHA PRESHA

Katika Toyota za miaka ya 1990, ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kile cha vipimo na kufungua ufunguo, taa ya injini huhesabu kwa kumeta. Ikimeta mfululizo kwa mwendo ulio sawa, kompyuta haina kosa ililohifadhi. Namba 22 yahusu sensa ya joto la maji. Namba 14 yahusu alama ya cheche. Lakini tusiiabudu taa. Kompyuta huona kosa hasa pale waya unapokatika kabisa au kushikana. Sensa inayosema uongo mdogo hupita bila kukamatwa.

Fundi mwenye saa ya presha aiunge kwenye bomba la injekta. Katika magari mengi ya namna hii presha huwa kati ya 2 na 3 hivi injini ikiunguruma, na baada ya kuzima isishuke chini ya 1.5 ndani ya dakika tano. Ikishuka upesi, abane mpira wa kurudisha petroli mara baada ya kuzima: presha ikikaa, kidhibiti ndicho kinachovuja. Arudie kwa kubana mpira unaotoka tangini: ikikaa, ni vali ya pampu. Ikishuka hata pande zote mbili zikibanwa, ni injekta. Ibanwe mipira mizima tu, uliozeeka utapasuka.

8. MFANO WA KUJIFUNZIA

Kikundi kimoja cha akiba cha wachuma chai kilikuwa na Corolla ya zamani iliyobeba wagonjwa usiku na mboga mchana. Iligoma mara kwa mara. Zikanunuliwa plagi, ikanunuliwa pampu, ikanunuliwa betri. Fedha hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo za watoto. Gari likaendelea kugoma.

Tulipowaomba waandike daftari siku kumi na nne, liligoma mara tano, zote baada ya kuzimwa dakika ishirini au thelathini. Asubuhi halikugoma hata mara moja. Basi habari ya presha kupotea usiku ikawa na nguvu ndogo. Ilipogoma tena, starta ilizungusha kwa kasi, plagi zilikuwa zimelowa, cheche ilikuwapo. Pedeli mpaka chini: ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Ilikuwa imezama. Mpira wa kidhibiti ulikuwa mkavu. Taa haikuonyesha namba.

Sensa ya joto la maji ikapimwa injini ikiwa ya moto: omu 300, nzima kabisa. Kisha, kompyuta ikiwa imechomolewa, nyaya zile zile zikapimwa kutoka upande wake: zaidi ya omu 3,000. Kati ya sensa na kompyuta kulikuwa na soketi yenye kutu ya kijani. Kutu ile iliiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo ikamwaga petroli. Asubuhi injini baridi iliivumilia petroli ya ziada. Ikiwa ya moto ilizama. Kwa nini siku nyingine haikugoma? Kwa sababu mtikisiko wa barabara wakati mwingine uliigusanisha soketi vizuri. Tena walikuwa wamelalamika kwamba petroli yaisha haraka na ncha ya egzosi ina masizi, ila hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo. Soketi ikabadilishwa. Angalieni: hata kununua sensa mpya kungekuwa hasara ya nne.

9. TUKIENDA KWA FUNDI

Usimwambie fundi "nibadilishie pampu". Ukisema hivyo naye akabadilisha, kosa si lake. Mwambie ulichoona, mpe daftari, na mwombe akuonyeshe kipimo kabla ya kununua kipuri. Kilichotolewa mrudishiwe. Kibadilishwe kitu kimoja kwa mara moja, ili mjue kilichoponya. Kama ugonjwa ni wa injini ya moto, gari liachwe gereji mpaka ligome mbele ya macho yake.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Gari lagoma asubuhi tu. Ufunguo ukifunguliwa na kufungwa mara tatu lawaka. Mshitakiwa wa kwanza ni nani, na kwa nini si betri?
2. Plagi ni kavu baada ya kuzungusha sana. Taja mambo matatu ya kupima kabla ya kununua pampu.
3. Taa ya injini haionyeshi kosa. Je, twaweza kusema sensa zote ni nzima? Toeni sababu.
4. Dereva wa kazini ameambiwa atalipa kipuri kilichoharibika. Ni maandishi gani yangemsaidia, na nani katika tawi lenu atahifadhi nakala?

Swali la nne lijibiwe kwa jina la mtu na mahali pa kuweka nakala, kabla mkutano haujafungwa.